Mwalimu wa Misitu ya Marekani

Jina lake nalijua, lakini silitaji. Mwaka ninaotaka kuuzungumzia, jina la mtu lilitosha kumtoa kwake, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba nikija kumwandika nimwite kwa kazi yake tu. "Majina waachie wenye kuuliza vitambulisho," alisema. Basi ni Mwalimu. Alikozaliwa sitasema, wala ukoo wake, wala lugha aliyoombea Mungu akiwa peke yake. Anayetaka kuyajua hayo ana sababu zake, na sababu za aina hiyo nilizisikia za kutosha Januari ile ya baada ya uchaguzi.

Mimi nauza vitabu vya mtumba Kawangware, kati ya wauza viatu na jamaa mmoja wa kutengeneza redio. Vinakuja kwenye mabelo, marobota makubwa, kutoka Marekani, vingi vikiwa riwaya zilizosomwa mara moja na kuachwa. Nyingine bado zina mchanga wa ufuo wa mtu. Belo likifunguliwa nahesabu, kisha nahesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ya tamaa. Watu huniita Bei.

Siku ya kwanza Mwalimu aliposimama kwenye meza yangu hakuangalia jalada. Aliokota riwaya nene, akaifungua katikati kama mtu anayepasua papai kuona mbegu, akasoma kidogo, akaniuliza:

"Kuna mti humu?"

"Mama, hicho ni kitabu. Shamba liko mbele."

"Nimeuliza kama kuna mti."

Sikujua. Nikasema kuna miti tele. Akafungua mahali pengine, akasoma, akakirudisha mezani. "Kuna wanasheria tele. Mti ni mmoja, na gari limegongwa hapo. Shusha bei."

Nimeuza vitu vingi kwa watu wagumu. Huyu ndiye wa kwanza kunishusha bei kwa sababu ya upungufu wa miti. Jumamosi iliyofuata nilimwekea kitabu chenye msitu mzima kwenye jalada, ukungu na kila kitu. Ndani palikuwa na daktari wa meno aliyeua mkewe. Mwalimu alikirudisha akicheka, akasema jalada la Marekani ni kama sura ya mwanasiasa. Kuanzia hapo nikalazimika kuvisoma mwenyewe kabla hajafika, ili nikiulizwa niwe na jibu. Ndivyo nilivyoanza kusoma, mimi ambaye kwa miaka nilikuwa naviuza kwa kuvipima unene.

Alikuwa amestaafu kufundisha fasihi, na alipanga chumba Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya mama mmoja Mnubi ambaye sote tulimwita Mama Ploti. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko na riwaya za Marekani hadi kwenye dari. Mbele yake palikuwa na chumba kingine kitupu, na humo, kila Jumamosi alasiri, alikuwa na darasa. Halikuwa la mtihani. Watu wazima walikuja kusomewa. Alishika kitabu cha Kimarekani mkononi, akakisoma kwa Kiswahili moja kwa moja, macho kwenye Kiingereza na mdomo Kibera. Nilienda mara ya kwanza kumpelekea kitabu. Nikabaki.

Kawaida ya darasa lake ilikuwa moja, na sijaiona kwingine. Akifika mahali ambapo mwandishi ameeleza kitu cha porini, mnyama au mlima au theluji, alifunga kitabu kwa kidole ndani na kuuliza: "Wao wametoa hicho. Sisi tunatoa nini?" Lazima darasa litafute kitu cha hapa, kinachofanya kazi ileile, wakubaliane, ndipo asome mbele. Mimi nilipenda hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa yalikuwa mapatano hasa, na hakuna aliyetoka bila kuvutana. Kwa tai wa Marekani walitoa marabou, yale mandege makubwa yanayosimama kwenye jalala kama mawakili waliofilisika. Kwa theluji walibishana Jumamosi nzima wakatoa vumbi la mwezi wa pili, kwa kuwa nalo hufunika kila kitu na hakuna aliyeliita. Kwa dubu anayeshuka mlimani na kupindua mapipa ya watu, walitoa kanjo.

"Kanjo ni askari wa jiji," Mwalimu alisema. "Si mnyama."

"Mwalimu, hajawahi kukupindulia karai," alisema Mama Omena.

Mama Omena aliuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, pale nje, na aliacha karai lake mlangoni ili aone mteja akija. Ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Mwenzake wa kubishana alikuwa Fundi, seremala wa vitanda, ambaye ndiye aliyelitengenezea darasa mabenchi na hakuacha kuwakumbusha. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu mawingu. Walikaa benchi moja miaka yote hiyo, labda kwa sababu mabishano ya mbali yanachosha koo.

Nilimuuliza Mwalimu mara nyingi: kwa nini Marekani? Mito ipo kwetu, milima ipo, waandishi tunao. Hakunijibu sawa mara mbili. Kuna siku alisema ni kwa sababu nauza rahisi. Kuna siku alisema hivi: "Wamarekani wanaandika mto kama mtu anavyomsimulia mke waliyeachana naye. Kila kitu kilikuwa kizuri. Mimi nataka kujua nani alimwacha mwenzake."

Riwaya za kizamani kidogo, alitueleza, zina mtu aliyechoka na mji. Amefiwa, au ameachwa, au vita vimemharibu. Anaendesha gari siku nzima mpaka kwenye kibanda cha mbao kando ya ziwa. Ziwa limekaa pale linamsubiri, halina kazi nyingine. Anavua samaki, anamwangalia, anamrudisha majini, moyo unapona.

Mama Omena alisimama. "Anamrudisha samaki?"

"Anamrudisha."

"Mzima?"

"Mzima, tena anamshukuru."

"Huyo hana shida yoyote. Mwalimu, tafuta mwingine."

Fundi alisema labda samaki alikuwa mdogo. Mama Omena akamuuliza kama amewahi kuona omena. Nilicheka mpaka nikasahau bei za siku hiyo.

Lakini riwaya mpya, Mwalimu alisema, zimebadilika, na hilo ndilo lililomfanya asichoke nazo. Siku hizi nyuki hawarudi. Mto umefungwa au umetiwa sumu. Bahari inapanda ngazi za nyumba za watu, na mlima unawaka moto kila kiangazi. "Zamani mtu alienda msituni kupona," alisema. "Sasa msitu ndio mgonjwa, na mtu anaenda kuutazama wodini, hajui hata akae upande gani wa kitanda." Nilianza kuliona hilo kwenye mabelo yangu mwenyewe. Nilivipanga vya zamani huku, vya sasa huku, nikapekua kurasa za mazingira nikahesabu waliopona na waliougua. Nikahesabu tena. Alisema kweli.

Kitu kimoja kilimsumbua katika vyote, vya zamani na vipya. Msitu wa Mmarekani ulikuwa mtupu. Mtu anatembea kurasa hamsini hakutani na anayekata kuni, anayechunga, wala anayejisaidia kichakani. Anapotea! Nilimuuliza anapoteaje, si aulize njia?

"Amuulize nani?" Mwalimu alisema. "Wenyewe waliondolewa kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwandishi anaanza kusimulia baada ya kufagia."

Siku hiyo Mama Ploti alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Hakuwahi kuingia darasani. Alisema kodi inatosha, hana haja ya kulipwa kwa hadithi. Lakini hapo aliinua kichwa.

"Hata hapa palikuwa msitu. Hilo jina Kibra mnalolitamka vibaya kila siku ni msitu, kwa lugha yetu. Babu zetu walipomaliza kupigana vita vya Mwingereza waliletwa hapa, wakaambiwa kaeni. Miti na fisi. Sasa nyinyi mmekaa juu ya msitu mnasomewa msitu wa mtu mwingine."

Mwalimu alifunga kitabu, safari hii bila kidole ndani. Akamwomba Mama Ploti aeleze ni miti gani, na ilikuwa wapi, na nani aliikata. Mama Ploti akasema aliikata yeye mwenyewe, pamoja na mama yake, wakapikia. "Ulidhani tulipikia theluji?"

Tulitoka saa moja usiku siku hiyo. Hakuna ukurasa uliosomwa.

Mtu akisikia hayo yote atadhani Mwalimu alipenda mimea. Hakuipenda hata kidogo. Nimemwona akizunguka ua mzima kwa sababu ya chura. Bwawa lilikuwa pale chini, Silanga, mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma, na watu wanalima sukuma kandokando yake. Hakuwahi kushuka kulitazama. Tulipotoa bwawa letu badala ya ziwa la Mmarekani, alituuliza sisi lina rangi gani. Fundi akamwambia halina rangi, lina gugu. Akaandika kichwani akasoma mbele.

Tena kulikuwa na jakaranda. Marehemu mume wa Mama Ploti aliupanda uani, ukawa mti mkubwa kuliko nyumba zote. Kila mwaka ulimwaga maua ya zambarau na vijani vyake vile vidogo kama makombo kwenye beseni la maji la Mwalimu. Alilalamika misimu miwili. Msimu wa tatu akatishia kuhama, na kwa kuwa alilipa kodi bila kukumbushwa, Mama Ploti akaita watu wa msumeno. Msomaji wa misitu wa Kibera nzima ndiye aliyeua mti mkubwa wa ploti. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mti wa kwenye kitabu hauchafui maji."

Kama alikuwa na chuki ya kudumu, ilikuwa dhidi ya miisho ya riwaya. Alisema mwandishi akishindwa na watu wake huleta mvua, na akishindwa kabisa huotesha jani. Hilo jani alilichukia. Riwaya imeua watu, imechoma bonde, halafu ukurasa wa mwisho, kwenye majivu, kijani kimoja kinachungulia na tunatakiwa turudi nyumbani tumefarijika. "Hilo si tumaini," alikuwa akisema. "Ni mwandishi amechoka anataka kulala." Nilivirudisha mezani vitabu kadhaa kwa kosa hilo, na kila kimoja alinishusha bei kwanza ndipo akakataa kukinunua.

Mwaka wa elfu mbili na saba ulipokuwa ukiisha tulikuwa kwenye riwaya moja ya moto. Familia moja inaishi chini ya mlima wenye misonobari. Mlima unashika moto, wanaondoka na wanachoweza kubeba, wanakaa kwa ndugu mjini. Sura baada ya sura ni swali moja: watarudi au hawatarudi? Baba anataka, mama hataki. Majirani waliokuwa wakisalimiana sasa wanalaumiana, nani alichoma takataka siku ya upepo. Darasa liliipenda kuliko zote, na hata Mama Ploti alisogeza kiti chake ndani kidogo, miguu miwili ya mbele. Kwa moto wa mlimani hawakubishana. Walitoa moto wa Kibera, ule wa kawaida, wa jiko na nyaya za stima.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ilibaki sura moja. Tukamwomba amalizie. Alikataa. "Nendeni mkapige kura, mle sikukuu, mrudi. Kitabu hakiendi popote."

Yaliyofuata baada ya kura, majirani kugeukiana kwa makabila, kila mtu wa Nairobi anayajua, na kila mtu anayasimulia akianzia pale alipoumizwa yeye. Nitasema ya ploti tu. Moto ulitoka upande wa njia, ukala vibanda, ukala karakana ya Fundi na mbao zake zote, ukala karai, meza na omena ya Mama Omena, ukaingia uani ukala chumba cha Mwalimu na kile cha darasa. Riwaya zinawaka vizuri sana, Mama Ploti aliniambia baadaye. Kurasa ziliruka juu ya mabati kama popo. Mwalimu alitoka na mkoba na kandambili. Mwanafunzi wake wa zamani akamchukua kwake Ayany, kule kwenye nyumba za mawe, ambako ni karibu kabisa na Kibera na siku zile palikuwa kama nchi nyingine.

Kwetu Kawangware nako hakukuwa salama. Nilifunga meza. Simu hazikuwa na kredo ya kupigia, na anayeuza kredo aliuza kama dawa. Njia zilipofunguka kidogo nilimkuta Fundi amehamia upande wetu, anaazima randa ya mtu na kutengeneza viti vya kanisa. Nilimuuliza kama atarudi Kisumu Ndogo.

"Nirudi wapi? Waliochoma mbao zangu walikuwa wananiita kwa jina, Bei. Mtu aliyekaa benchi niliyoipiga misumari mimi!"

"Unasema Mama Omena alichoma?"

"Sijasema. Nasema hakuna aliyekuja kuzima."

Nilipopata nafasi ya kuvuka Ngong Road kwa miguu hadi kwa Mama Omena, alikuwa amekaa na karai la kuazima, omena kidogo ndani yake. Nikamuuliza kuhusu Fundi. "Huyo? Alitoroka bila kugonga mlango. Moto alikuwa ameuona kwanza, mlango wake uko mbele ya wangu. Si angepiga hata kelele?" Alikuwa na haki yake, na Fundi alikuwa na yake, na mimi ninayejua kukutanisha bei mbili za mbali sikuona pa kuanzia.

Ayany nilimkuta Mwalimu kwenye chumba chenye dirisha kubwa linaloangalia bustani. Nyasi zimekatwa, ndege wanaruka, ua la waridi. Alikuwa ameshusha pazia.

"Niaje, Mwalimu. Umefunga Marekani nje?"

"Inapiga kelele asubuhi." Alikuwa amekonda. Nikamuuliza darasa litaanza lini.

"Darasa gani? Darasa ni watu wanaoweza kukaa benchi moja. Mimi nimemaliza, Bei. Nilifundisha watu kubadilishana tai na marabou. Ilipokuja siku ya kubadilishana kitu cha maana, kila mtu alikunja mkono."

Hakulia. Alinimiminia chai, akaniuliza bei ya belo imepanda kiasi gani, kama mtu anayeulizia mgonjwa wa mbali. Nilipoondoka nilijua kwamba asiporudi safari hii hatarudi tena, na lile swali lake litabaki kuwa jambo la kuchekesha watu kwenye chai.

Mabelo yalichelewa, halafu yakaja. Mwezi wa nne hivi, chini kabisa ya belo la pili, nikaikuta. Riwaya ileile ya moto, jalada jingine, mgongo umevunjika. Nimeuza vitabu muda mrefu na sijawahi kukaa chini kwenye vumbi kwa ajili ya kimoja. Nilikaa. Nikasoma ile sura ya mwisho palepale, na nilipofika ukurasa wa mwisho nikasema neno lililowageuza wauza viatu. Mwandishi alikuwa ameotesha jani.

Nilifikiria kuuchana ule ukurasa. Nikafikiria tena. Kitabu kisicho na ukurasa wa mwisho angekishusha bei.

Nilipomwekea mezani kule Ayany, hakukigusa. Alikizunguka kwa macho.

"Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Usiniambie. Hicho ni cha darasa."

"Darasa si limekufa?"

"Basi na chenyewe kikae."

Nilitumia kila njia ninayoijua. Nilijifanya nimepata mnunuzi, nilijifanya naondoka nacho, nilifika mlangoni nikageuka. Hakutingisika. Nilikuwa nimeshavaa kofia nilipokumbuka salamu niliyopewa na Mama Ploti asubuhi hiyo nikipita.

"Mama Ploti anasema mti wako umerudi."

"Mti gani?"

"Jakaranda. Kisiki kiliungua juu, lakini chini kimechipuka."

"Uongo."

"Nimeuona. Nimehesabu machipukizi mara mbili, ya pili yakazidi."

Rangi ikamrudi usoni, na ilikuwa ya hasira. "Niliambiwa kisiki kimekufa! Nililipa nusu ya msumeno! Mwambie nakuja Jumamosi kuukata mwenyewe." Akachukua kitabu mezani, akakitia mkobani bila kuniangalia, akafunga zipu.

Njiani nilipita kwa Mama Omena nikamwambia Jumamosi Mwalimu anakuja na kitabu. Kawangware nikamwambia Fundi pia. Aliendelea kupiga randa. "Nije kusikiliza miti ya Wamarekani? Mimi miti yangu imeisha." Sikumsukuma. Mteja ukimsukuma anaenda.

Jumamosi hiyo ndiyo niliyotaka kuisimulia tangu mwanzo. Mama Ploti alikuwa amesimamisha mabati mapya juu ya kile chumba cha darasa, mlango bado. Ndani palikuwa na benchi moja aliyoitoa kwenye moto, mguu mmoja umeungua ukawa mfupi, na jiwe limewekwa chini yake. Mwalimu alipofika hakusalimu, alienda moja kwa moja kwenye kisiki. Machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni, yale majani madogo madogo tayari yameanza kumwagika.

"Nipe panga," alimwambia Mama Ploti.

"Panga zote nimezificha tangu Januari. Ukiona umezidiwa, tumia meno."

Waliangaliana wale wanawake wawili. Mama Ploti ndiye aliyeanza kucheka, na Mwalimu akashindwa. Walicheka mpaka mmoja akamshika mwenzake bega. Halafu Mwalimu akapangusa macho akaingia darasani. Tulikuwa wachache. Nilihesabu, nikahesabu tena, na hesabu haikubadilika. Mama Omena alikaa benchi peke yake, upande wake, na upande wa pili ukabaki vilevile.

Mwalimu alisoma. Kiswahili chake kilianza kwa kukwama, kisha kikapata mwendo. Familia inapanda mlima kwa gari. Nyumba haipo. Misonobari imesimama kama viberiti vilivyokwisha washwa. Jirani waliyemlaumu yuko pale kwenye majivu ya kwake, anatafuta kitu kwa fimbo, na hakuna anayejua aanze vipi kuongea. Baba anainama kando ya jiwe jeusi.

Hapo Mwalimu akaacha kusoma kwa sauti. Aliusoma mstari kwa macho, akausoma tena.

"Bei."

"Mwalimu."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniletea."

"Ningekuambia mapema ungenishusha bei."

Mama Omena akauliza kuna nini. "Jani," Mwalimu akasema kwa uchovu. "Ameotesha jani." Nyuma yake mlango haukuwepo, na pale nje jakaranda lilisimama na kijani chake chote kama mtoto aliyesikia akitajwa. Sote tuliliona. Mama Ploti alifungua mdomo.

"Huo mti usitajwe," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Huo ni rahisi mno, na tena haukurudi kwa ajili yetu." Akafunga kitabu, kidole ndani. "Wao wametoa jani. Sisi tunatoa nini?"

Mtu mmoja alikohoa. Mama Omena aliangalia karai lake. Nilitafuta kitu kichwani, mimi ambaye huwa nina kitu cha kuweka mezani, nikakosa. Nikaona Mwalimu anaanza kuvaa ile sura ya Ayany, ya pazia kushuka.

Kisha mwanga ukaziba. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nywele, ametembea kutoka Kawangware. Hakuingia. Hakusalimu mtu. Alikuwa anaangalia chini ya benchi.

"Ingia ama utoke," Mama Omena alisema. "Unatuzibia mwanga."

"Nani ameweka jiwe chini ya kazi yangu?"

"Mimi. Ulitaka tuanguke?" Mama Omena akamjibu.

Fundi akapita kati yetu, akapiga magoti mbele ya Mama Omena, akalitoa jiwe, akapima kwa vidole pengo lililobaki. Mama Omena ilibidi ashike ukuta asiteleze. "Inuka kidogo," Fundi alisema. Akainuka. Fundi akaigeuza benchi juu chini, akaitazama pale ilipoungua, akaigeuza tena, akalirudisha jiwe alipolikuta, sawasawa zaidi. "Nitaleta mguu wiki ijayo," akasema, na akakaa upande wake.

"Na uje na harufu ndogo ya vanishi," Mama Omena alisema, akakaa wa kwake.

Mwalimu alikuwa bado amesimama, kidole ndani ya kitabu. Aliwaangalia wale wawili, akaangalia jiwe.

"Jani lao tumelilipa," alisema, akafungua kitabu. "Bado kuna nusu ukurasa."

Mimi siku zote huwa sikosi pa kupunguza bei. Siku hiyo nilitafuta, nikatafuta tena, sikupaona.